Kompyuta ya Wajir hunywa dizeli, na sote twailipia

Ndugu msomaji, chukua simu yako ufungue ujumbe wa mwisho uliopata uliponunua tokeni za stima. Wengi wetu twasoma zile tarakimu ishirini tu, twazibonyeza kwenye mita, taa ikiwaka twaendelea na mambo yetu. Lakini chini ya tarakimu hizo pana orodha ndogo ya makato. Mna kodi, mna tozo ya kusambaza umeme mashambani, na mna mstari wa gharama ya mafuta. Hapo penye mafuta wengi hudhani ni Kipevu peke yake. La. Humo mna dizeli ya Wajir pia.

Mimi ni fundi wa kompyuta, duka langu liko Mombasa, na mambo ya bei za umeme hayakuwa kazi yangu. Yalinijia kwa mlango wa nyuma. Mwaka uliopita mwalimu mmoja niliyekuwa nikimtengenezea laptopu alipokuwa akifunza huku pwani alinipigia simu. Alikuwa amehamishiwa Wajir, akapewa maabara ya kompyuta katika shule moja ya sekondari ambayo jina lake nalisitiri. "Fundi," akaniambia, "nina kompyuta ishirini na wanafunzi wa kidato cha nne wenye mradi wa mtihani. Tokeni za mwezi zaisha tarehe kumi na nane. Tangu hapo hadi mwisho wa mwezi chumba kina kufuli. Njoo uangalie, pengine kuna waya unaovuja."

Kwa asiyejua, somo la kompyuta katika KCSE lina mradi ambao mwanafunzi huujenga mwenyewe kwa miezi, kidogo kidogo. Ukimfungia chumba siku kumi na mbili kila mwezi umemkata alama kabla hajakaa kwenye mtihani. Basi nikapanda basi. Garissa nikalala, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 300 kwenda juu, Modogashe, Habaswein, mpaka Wajir. Njiani tulipishana na malori ya mafuta. Wakati ule sikuyatilia maanani.

Waya unaovuja haukuwepo.

Nilichokuwa nacho mkobani ni mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Unaichomeka ukutani, kifaa unakichomeka ndani yake, nayo yakuonyesha wati ngapi zinakwenda. Ni kitu cha bei ya mlo wa watu wawili, na laiti kila shule ingekuwa nacho. Kompyuta zenyewe zilikuwa za mezani, mitumba kutoka Ulaya, za msaada. Sanduku moja bila skrini lilikuwa likila wati 66 hali hakuna mtu aliyeligusa. Skrini yake 24. Jumla wati 90, na ukizidisha kwa ishirini ni wati 1,800. Mwalimu huziwasha zote saa moja asubuhi, kwa kuwa zachelewa kuamka na kipindi ni dakika arubaini, na huzimwa saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo saa kumi kila siku. Nikamuuliza, kwa siku hasa zatumika saa ngapi? Akahesabu ratiba kwa vidole. Nne.

Saa sita zilizobaki kompyuta ishirini zilikuwa zikionyesha picha ya samaki wanaoogelea. Hapa nataka nikomee kidogo, kwa sababu nimeliona kosa hili Mombasa, nimeliona Malindi, na katika ofisi za watu wazima. Ile picha inayotembea kwenye skrini haipunguzi umeme hata chembe. Ilibuniwa zamani ili kioo cha skrini za kizamani kisichomeke alama pale picha inapokaa muda mrefu. Kompyuta inayochora samaki inafanya kazi, na mita yangu ilisoma wati zile zile, mara nyingine hata zikazidi.

Usiku nao una habari yake. Kompyuta iliyozimwa kwa kitufe lakini haikuchomolewa iliendelea kuvuta wati 3, na skrini 1. Zile UPS kumi, moja kwa kila kompyuta mbili, kila moja ilikula wati 10 hata pasipo kitu cha kulinda, nazo betri zake zilikuwa zimekufa zamani, hazishiki hata dakika. Piga hesabu ya saa kumi na nne: uniti mbili na nusu kila usiku, katika chumba chenye kufuli, giza, bila binadamu.

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Nilizipanga mashine zote zilale baada ya dakika kumi za kutoguswa. Kulala kwa kompyuta ni hivi: prosesa na diski vyasimama, skrini yazimika, lakini kazi uliyokuwa ukiifanya yabaki imeshikwa kwenye memori, na memori hiyo yahitaji umeme kidogo ili isisahau. Wati 3 au 4 tu. Ukigusa kibodi yaamka mara moja. Nikajisifu moyoni. Siku ya pili binti mmoja aliondoka kwenda kuswali adhuhuri, mashine yake ikalala, kazi ya saa mbili haijahifadhiwa, na tokeni zikaisha. UPS haikusaidia. Umeme uliporudi memori ilikuwa tupu kama kisima cha kiangazi. Binti hakulia, alikaa tu akaitazama ile skrini, na mimi nikatamani ningekuwa nimebaki dukani kwangu. "Fundi," mwalimu akaniambia taratibu, "umetuokolea tokeni ukatupotezea kazi."

Dawa yake ilikuwepo, ni mimi niliyekuwa nimezoea umeme wa Mombasa. Ipo namna ya pili ya kulala, ile ya usingizi mzito: kompyuta huiandika kazi yote kwenye diski kabla ya kujizima kabisa. Umeme ukikatika, hata wiki nzima, kazi i salama. Kuamka kwake ni kwa pole pole, pengine nusu dakika au zaidi kwa mashine kongwe. Mahali ambapo stima si ya kuaminika, au tokeni si za kuaminika, hiyo ndiyo ya kuweka. Na kwenye Windows kuna programu ndogo iliyomo humo humo, wala huinunui: unafungua lile dirisha jeusi la amri kama msimamizi wa mashine, unaandika powercfg /energy, nayo yaichunguza mashine kwa sekunde 60 kisha yakuandikia ripoti ya kila kinachoizuia isilale. Kwa wenye Linux ipo PowerTOP, iliyotolewa na Intel mwaka 2007, nayo ni ya bure. Nilipoiendesha ile ya Windows niligundua mashine nane hazitalala hata uziimbie, kwa sababu programu za kadi zao za mtandao na za picha ni za kale mno. Hizo tukakubaliana zizimwe kwa mkono baina ya vipindi, na monita wa darasa akapewa jukumu.

Tukatoa UPS zile zilizokufa. Tukaunganisha soketi zote kwenye swichi moja mlangoni, ili anayefunga kufuli azime na ukuta. Nikafungua masanduku, nikayapuliza kwa bloa, na vumbi la Wajir, ndugu zangu, ni jekundu na laini kama unga wa hina, huingia ndani ya feni na kuifanya prosesa ihemewe. Feni ikahangaika, na feni inayohangaika ni umeme. Kazi yote siku tatu. Hesabu ilishuka kutoka kama uniti 20 kwa siku hadi karibu 8.

Ningeishia hapo, makala haya yangekuwa ushauri wa fundi, mzuri wake lakini wa chumba kimoja. Kilichoniharibia usingizi ni mazungumzo ya jioni ile ya tatu, tumekaa nje tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, na kwa mbali mngurumo ambao hauishi. Nikauliza ni nini. Mzee mlinzi wa shule akacheka. "Hiyo ndiyo stima yenyewe."

Wajir haimo katika gridi ya taifa. Mvuke wa Olkaria haufiki, maji ya Tana hayafiki, upepo wa Turkana haufiki. Garissa, ambayo nayo zamani iliishi kwa dizeli, sasa imeungwa kwenye gridi, na hapo hapo pana uwanja wa umeme wa jua wa megawati 50 uliofunguliwa Disemba 2019, lakini nyaya zake hazijapanda hadi Wajir. Mji una stesheni yake ya dizeli, kama Mandera, kama Habaswein, kama Elwak. Katika baadhi ya stesheni hizo paneli za jua zimeongezwa, lakini dizeli ndiyo mhimili. Na kabla mtu wa pwani hajasema hayo ni ya bara na Kaskazini Mashariki, na akumbuke Lamu. Lamu pia ilikuwa na mtambo wake wa dizeli, hadi laini ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ilipofika. Na Faza, katika kisiwa cha Pate, mpaka leo ina stesheni yake, mafuta yanavushwa bahari.

Sasa tazama hesabu. Jenereta ya dizeli iliyo sawa hutoa, kwa kawaida, uniti tatu hadi nne kwa kila lita. Tuseme tatu na nusu. Tuseme dizeli ni shilingi 170 kwa lita, na huko lazima iongezwe safari. Basi mafuta pekee katika uniti moja ni shilingi 48 na kidogo. Hatujahesabu mtambo, oili, mafundi, wala umeme unaopotea kwenye nyaya. Na shule yauziwa kwa bei gani? Kwa bei ile ile ya Mombasa na Nairobi, kwani Kenya bei ya umeme hupangwa na EPRA kwa nchi nzima, wala mtu wa Wajir halipishwi zaidi kwa kuwa yuko mbali. Tuseme shilingi 25 kwa uniti, ili hesabu iwe nyepesi.

Siulalamikii usawa huo. Mimi nauunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa Wajir hana kosa la kuzaliwa mbali na Olkaria. Lakini tofauti kati ya 48 na 25 haiyeyuki hewani. Sehemu yake yaingia kwenye ule mstari wa mafuta katika ujumbe wako wa tokeni, na sehemu ni hazina ya serikali, yaani ni sisi tena kwa mlango mwingine. Wewe uliyeko Likoni, Ukunda au Mtwapa umelipia samaki waliokuwa wakiogelea kwenye skrini ishirini Wajir.

Katika ile maabara tuliokoa kama uniti 12 kwa siku, na kwa siku 22 za shule ni kama 260 kwa mwezi. Kwa shule hiyo ni shilingi 6,500, na ndiyo tofauti ya kufunga chumba tarehe 18 au kutokifunga. Kwa anayechoma mafuta ni lita 74 hivi, zaidi ya shilingi 12,500. Soma tena hizo nambari mbili. Anayeuza umeme naye anapata nafuu mteja wake asipoutumia, karibu sawa na mteja mwenyewe. Mfanyabiashara yeyote wa Biashara Street angelielewa hili kabla kahawa haijapoa: ikiwa kila kilo ninayokuuzia yanitia hasara, ni heri nikulipe ununue kidogo.

Na hili si fikira yangu ya ajabu. Limefanywa, na limefanywa kwa kompyuta hasa.

Marekani shirika lao la mazingira lilianzisha alama ya Energy Star mwaka 1992, na bidhaa za kwanza kubandikwa zilikuwa kompyuta na skrini. Mwaka uliofuata Rais Clinton aliamuru ofisi za serikali kuu zinunue kompyuta zenye alama hiyo. Hapo ndipo viwanda vilipoamka, kwa kuwa hakuna mteja mkubwa kama serikali. Lakini kulala peke yake hakukutosha. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna kisanduku cha chuma kiitwacho pawa saplai, kazi yake kubadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaofaa vyuma vya ndani. Zile za kale zilipokea wati 100 zikafikisha 60 au 70. Zilizobaki ziligeuka joto. Mnunuzi dukani haulizi habari za pawa saplai. Anauliza memori, anauliza diski, anauliza bei. Kiwanda nacho chaweka ya rahisi, kikaokoa dola chache, na mnunuzi akalipa mara kadhaa ya hizo kwenye bili bila kujua.

Mwaka 2004 kampuni moja ya ushauri iitwayo Ecos ilizikusanya kampuni za umeme za Marekani katika mpango wa 80 PLUS. Sharti lilikuwa jepesi kulieleza: pawa saplai ifikishe angalau asilimia 80, si inapobeba mzigo kamili tu, bali pia inapobeba nusu, na hata sehemu moja ya tano. Na hapa ndipo penye akili. Kampuni za umeme hazikumlipa mnunuzi. Zilimlipa mtengenezaji: dola 5 kwa kila kompyuta ya mezani na dola 10 kwa kila seva iliyotoka na pawa saplai ya kiwango hicho. Dola tano kwa mnunuzi ni kitu gani? Kwa kiwanda kinachotengeneza maelfu, dola tano ndizo zinazoamua kipi kiwekwe. Mwaka 2007 Energy Star ikakichukua kiwango kile kuwa sharti lake la kompyuta, na leo ukinunua pawa saplai nzuri mahali popote duniani utaiona alama ya 80 PLUS ubavuni mwake.

Hawakukomea hapo. Mwaka 2006 kampuni ya PG&E ya California ilianza kuwalipa wateja waliounganisha seva nyingi kuwa chache, yaani kompyuta moja kubwa kufanya kazi ya kumi zilizokuwa zikizubaa. Kampuni nyingine zikarudisha sehemu ya bei kwa ofisi zilizoweka programu za kuzilaza kompyuta zote kutoka sehemu moja.

Utauliza, na mimi niliuliza, ni muuzaji gani huyu anayewalipa watu wasinunue? Jibu ni kwamba huko California mwaka 1982 msimamizi wa umeme aliitenga faida ya kampuni na wingi wa umeme inaouza. Kampuni ikiuza kidogo haipati hasara, na ikisaidia watu kubana matumizi hukubaliwa kurudishiwa gharama. Na kujenga mtambo mpya ni ghali kuliko kuokoa. Kwao ilibidi sheria itungwe ndipo hesabu ikubali. Wajir hesabu imekubali tayari, leo, bila sheria yoyote mpya, kwa sababu kila uniti inauzwa chini ya bei ya mafuta yake.

Wala Kenya si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2010 kampuni yetu ya umeme iligawa bure taa za kubana matumizi zaidi ya milioni moja, wakibadilishana na balbu za zamani. Wengi mwakumbuka. Hakuna aliyesema ni wazimu kumpa mteja taa ya bure. Ilieleweka kwamba jioni nchi nzima ikiwasha balbu mitambo ya mafuta ndiyo huitwa. Ni fikira ile ile. Imekomea kwenye taa tu.

Tukizitazama kanuni zetu, ile maabara imeangukia katikati ya viti viwili. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zawataka wanaotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi kila miaka mitatu. Ni nzuri kwa viwanda na hoteli kubwa, lakini shule ya Wajir haifiki hata robo yake. Kanuni za 2016 za kubandika vyombo vya umeme alama za nyota zataja majokofu, viyoyozi, mota, taa na balasti zake. Kompyuta haimo. Kwa hivyo kompyuta kuukuu yaweza kushuka bandarini Kilindini, ikasafirishwa hadi Wajir, ikawashwa miaka kumi, pasiwe na mtu aliyewahi kuuliza inakula kiasi gani.

Najua nitaambiwa kompyuta za Wajir ni chache, anza na viyoyozi na majokofu. Ni kweli, kiyoyozi kimoja kimeza kuliko kompyuta kumi. Lakini nani anakipa kiyoyozi kazi? Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto, yote, na katika mji ambao mchana hufika nyuzi 35, joto hilo lazima litolewe na feni au kiyoyozi, kwa umeme mwingine. Niliingia katika ofisi moja mjini, sitaitaja, kompyuta sita za mezani na kiyoyozi kikinguruma, na watu wamevaa masweta. Pembeni kijana mmoja alikuwa na laptopu yake mwenyewe. Niliipima kwa udadisi: wati 14.

Nitaambiwa pia jua laja. Laja, na lije upesi. Mradi wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2017 kwa dola milioni 150, ulilenga kaunti 14 zilizo mbali na gridi: Wajir, Garissa na Mandera zimo, na kwetu Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta zimo pia. Lakini umeme wa jua ndio unaohitaji ubanaji zaidi. Kilicho ghali humo ni betri, na betri haina huruma. Kwa mtambo mdogo wa jua unaotoa wati 1,000, shule itawasha kompyuta 11 kama zile, au laptopu 60 na zaidi kama ya yule kijana. Ule mpango wa kitaifa wa 2016 uliopeleka vishikwambi katika shule za msingi ulilipita tatizo hili kwa sababu kishikwambi hula wati chache mno, na ndiyo maana shule zisizo na gridi ziliweza kuvichaji kwa paneli. Walioununua huenda hawakufikiria dizeli hata kidogo, lakini kwa upande huu walipatia.

Ningekuwa na sauti, ningeanza na miji ya dizeli tu, si nchi nzima. Shule, zahanati na ofisi za umma za Wajir, Mandera, Faza. Mtu aende na mita kama yangu, apime, zile kompyuta za mezani zinazokula wati 60 zikiwa zimekaa bure zibadilishwe na laptopu zilizotumika, na bei ilipwe kutokana na mafuta yasiyochomwa. Kwa hesabu ya ile maabara, mafuta yaliyookolewa kwa mwezi mmoja yanunua pengine laptopu moja ya mitumba, na kwa mwaka wa shule kadhaa. EPRA iiongeze kompyuta kwenye orodha ya vyombo vya nyota. Na zabuni za serikali, za kitaifa na za kaunti, ziweke sharti la kiwango cha umeme kama walivyoweka sharti la memori. Sharti la mstari mmoja, halihitaji fedha.

Na nyinyi ndugu zetu mlioko Ughaibuni, Muscat, London, Toronto, mnaokusanya kompyuta kwa nia njema mkazituma shule za nyumbani: Mungu awalipe, lakini kabla ya kupakia kontena geuzeni sanduku mtazame ubavu wa pawa saplai. Kama haina alama, na mashine ina zaidi ya miaka kumi na miwili, iacheni hapo hapo. Laptopu tano zawafaa watoto kuliko kompyuta ishirini ambazo mwalimu atazifungia tarehe kumi na nane.

Mwezi uliopita mwalimu alinitumia picha ya mita yake ya tokeni, tarehe 27, bado ina uniti 31. Yule binti alimaliza mradi wake. Mashine nane zile bado hazilali, na mbili zimekufa kabisa. Amenipatia orodha ya vitu vya kumpelekea, na ya kwanza kwenye orodha ni bloa yangu, niliyoisahau kwake, ambayo anasema hairudishi.